Mfagiaji wa Behewa la Shaba

Katika chumba cha kazi cha fundi kulikuwa na sheria moja tu: shaba haishikwi kwa mkono mtupu. Jasho la kidole halionekani kwa macho, lakini rangi inaliona. Unaweza kuliosha behewa kwa sabuni na siki, ukalisuuza, ukalikausha kwenye oveni mpaka liwe na joto la kikombe cha chai, kisha ukaligusa mara moja kwa bahati mbaya. Utapuliza praima, ile rangi ya msingi, utapuliza rangi, utapaka vanishi, utasifiwa, na baada ya siku chache rangi itabanduka pale pale ulipogusa, na alama ya kidole chako itabaki hapo kama muhuri. Kwa hiyo fundi alivaa glavu nyeupe za pamba, ambazo mkewe alizifua na kuzianika kwenye kamba pamoja na soksi. Majirani waliamini kwamba mle ndani anaishi mpiga tarumbeta wa bendi.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi treni ndogo za shaba. Zilitoka kiwandani mbali sana, kila behewa kwenye sanduku lake, limelazwa kwenye sponji, uchi, linang'aa, kila msumari wake unahesabika. Wenye treni hizi hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye mvi na sebule kubwa, na ukiziita midoli walinuna. Fundi hakuwa na kibao mlangoni. Chema chajiuza, na yeye alikuwa chema katika jambo hilo moja.

Mteja wake mkubwa alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu, aliyeitwa Mzee Bendera kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuagana naye bila kuruhusiwa. Ukimwambia kwaheri, aliinua mkono wa kulia kana kwamba ameshika bendera ya kijani, akatazama barabara kushoto na kulia, kisha akaushusha. Hapo ndipo ulipoweza kuondoka. Alikuwa ameagiza treni nzima ya njia aliyoitumikia: kichwa, behewa la daraja la kwanza, la pili, la tatu, na la mwisho la gadi, msimamizi wa safari. Alikuja mara kwa mara kuangalia kazi inakwendaje, na kila alipokuja fundi alimpokea kwenye mlango wa chumba cha kazi unaoelekea barabarani. Ndani ya nyumba hakuwahi kumkaribisha.

Sababu ilikuwa hii. Nyumbani mle ilijulikana kwamba marehemu baba yake fundi alikuwa karani mkuu wa reli. Fundi alimwambia mkewe hivyo walipokuwa wachumba, na tangu siku hiyo alikuwa akimpandisha cheo mzee wake kidogo kidogo. Alimpa meza yenye droo. Alimpa kalamu ya wino. Bintiye alipokuwa mdogo, fundi alimwigizia jinsi babu alivyokuwa akikohoa, kikohozi kifupi, mara mbili, halafu kimya, kikohozi cha mtu anayeishi katikati ya mafaili. Sasa binti alikuwa amechumbiwa, na wakwe watarajiwa walikuwa wameshamtaja karani mkuu kwa ndugu zao wote. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa imefika mbali na bado ilikuwa inatengenezwa.

Ukweli ni kwamba baba yake alikuwa mfagiaji wa behewa la daraja la tatu. Kikohozi tu ndicho kilichokuwa cha kweli, nacho kilitokana na vumbi.

Fundi alilipaka rangi behewa la kwanza, la pili, na la gadi, na kile kichwa cheusi chenye moshi wa pamba. La tatu alilichelewesha. Alipolitoa mwishowe kwenye sponji yake, aliona kwamba kiwanda hakikukosea kitu. Mabenchi ya mbao yalikuwemo. Mlango wa nyuma ulikuwepo, na kikanyagio chake, pale ambapo baba yake alikuwa akisimama treni ikiingia stesheni, ameegemeza ufagio begani, anainama nje kumtafuta mwanawe kwenye jukwaa. Fundi alivua glavu ya mkono wa kulia, akaliweka gumba lake juu ya mlango ule. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Alijua tu, mara baada ya kufanya, kwamba hata mwanagenzi wa siku ya kwanza asingelifanya.

Aliosha behewa, akapuliza praima. Praima ilishika kote isipokuwa mlangoni, penye gumba. Aliikwangua kwa tina ya kuyeyushia rangi, akaosha tena kwa siki, akapuliza upya. Gumba lilirudi. Mara ya tatu aliliacha behewa mezani likauke, akaenda kunywa chai, na aliporudi ule mlango ulikuwa wazi. Haukuwa mlango wa kufunguka. Kiwandani walikuwa wameuchora tu juu ya bamba la shaba. Hata hivyo ulikuwa wazi, na ndani mzee mmoja mwenye urefu wa njiti ya kiberiti alikuwa akifagia chini ya mabenchi.

Fundi alimtambua kwa mgongo. Lilikuwa lile shati la kaki la kazi, lililochakaa bega moja kwa sababu ya mpini wa ufagio. Mzee alifagia mpaka mlangoni, akasukuma takataka zake nje, juu ya meza, chembe mbili tatu za praima iliyokauka, kisha akainua uso.

"Samahani, bwana," alisema. "Nitazizoa."

Neno hilo, bwana, fundi alikuwa amelisikia kwake mara moja tu. Alikuwa anarudi kutoka shule ya bweni, shule iliyolipiwa na ufagio ule, akiwa na wenzake ambao baba zao walikuwa na magari. Jukwaani baba yake alishuka behewani na kumjia mbio, amenyoosha mikono miwili kupokea sanduku. Mwenzake mmoja aliuliza ni nani yule. "Mtu wa mizigo," kijana akajibu. Mzee alisikia. Hakusimama, hakubadilisha hata hatua. "Lete, bwana mdogo," alisema, akajitwika sanduku kichwani, akalipeleka mpaka nje, na yule mwenzake alipomtupia sarafu aliidaka, akashukuru. Nyumbani hawakulizungumza kamwe. Mzee alipofariki, wafagiaji wenzake ndio waliomzika. Fundi alifika kesho yake, akasema gari liliharibika njiani.

Mkewe aliingia kuchukua kikombe. Alimwona mzee mezani, akaweka kikombe chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimekuchafulieni meza."

"Hata. Vumbi umelikuta humu humu." Akamgeukia mumewe. "Ni nani?"

"Amekuja na behewa," fundi alisema.

"Mbona sijasikia ukimwamkia?"

"Niko kazini."

Mkewe alimtazama kidogo, kisha akaenda jikoni, akarudi na chai ndani ya kizibo cha chupa. Alipuliza ipoe, akaiweka karibu na kikanyagio. Mzee aliinywa amesimama, kama watu wa reli wanywavyo, jicho moja kwenye saa ya ukutani.

Siku zilizofuata mambo yalikwenda vizuri. Adui wa mpaka rangi ni vumbi. Chembe moja ikitua kwenye vanishi mbichi, itakaa humo milele, na mteja ataiona kabla hajaliona behewa. Fundi alikuwa na mbinu zake, alimwagia sakafu maji, alifunga dirisha, alizima feni na kutokwa jasho. Sasa hakuhitaji mbinu. Asubuhi mzee alishuka behewani na kufagia meza nzima, kutoka kona ya kompresa mpaka kona ya makopo, kwa mistari iliyonyooka, akirudi kinyumenyume ili asikanyage alipofagia. Alifagia juu ya mapaa ya mabehewa mengine. Aliingia daraja la kwanza baada ya kugonga mlango na kungoja, ingawa humo hamkuwa na mtu. Rangi ilikaa laini kama mafuta kwenye sahani. Fundi hakuwahi kufanya kazi safi namna ile, na alijua nusu ya sifa si yake. Aliona haya, na haya hiyo haikumzuia kupuliza tabaka la pili la rangi.

Binti naye alimpenda mzee. Alimwamkia kila alipopita, akamshonea kitambaa cha kujifutia jasho kutoka kwenye pindo la gauni lake la harusi. Siku moja alisimama mlangoni, akisikiliza.

"Baba, umesikia anavyokohoa?"

"Wazee wote hukohoa."

"Mara mbili, halafu kimya. Kama babu. Kile kikohozi ulichokuwa unatuigizia."

"Vumbi hilo," fundi alisema, na mara hiyo alikuwa amesema kweli.

Mlango tu ndio uliokataa. Fundi alipaka praima kwa brashi, alipaka rangi ya kahawia, alipaka vanishi juu yake, na kila alipomaliza gumba lake lilibaki pale, shaba tupu, mistari yote inaonekana. Mchana mmoja, nyumba ikiwa kimya, mzee alisimama pembeni ya mlango ule, akautazama kama mtu anayetazama picha ya mtoto ukutani.

"Bwana," alisema, "hapa ungepaacha tu. Panashikika vizuri wakati wa kupanda."

Fundi aliweka brashi chini. Walikuwa wawili tu. Shikamoo si neno gumu, watoto wa miaka miwili hulisema mdomo umejaa uji. Lilipanda kifuani, likafika kwenye meno. Wakati huo huo sauti ya mkewe ilisikika kutoka jikoni, akizungumza kwa simu na mkwe mtarajiwa, anacheka, anasema, "Ndiyo, karani mkuu, alikuwa na ofisi yake mwenyewe." Fundi alilimeza neno.

"Unahitaji chochote?" aliuliza.

"Hapana, bwana. Kazi tu."

Treni ilipokamilika, mkewe fundi aliipanga yote kwenye meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cheupe, bila kumuuliza mumewe. Mzee Bendera alipogonga mlango wa barabarani, ni yeye aliyemfungulia. "Leo unapita ndani, mzee wangu," alisema. "Miaka yote hii unasimamishwa nje kama mkusanya taka." Fundi alitoka chumba cha kazi na glavu zake mkononi, akakuta mgeni ameshakaa, chai imeshamiminwa, na binti amesimama na sinia.

Mzee Bendera aliitazama treni muda mrefu. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kichwa cha treni. Alisema rangi ni yenyewe, kahawia ni ile ile, hata mstari wa rangi ya maziwa chini ya madirisha. Machozi yalimlengalenga kidogo, akasingizia moshi, ingawa moshi ulikuwa wa pamba.

"Halafu ninyi wawili lazima mnajuana kwa mbali," alisema mke wa fundi. "Baba mkwe wangu naye alikuwa reli. Njia hiyo hiyo."

"Kweli? Fundi, hukuniambia. Idara gani?"

Binti alijibu kwa niaba ya baba yake, kwa fahari ya mtu aliyelijibu swali hilo mara nyingi. "Karani mkuu."

"Karani mkuu," Mzee Bendera alirudia, akaweka kikombe kwenye kisahani. "Makarani wakuu wa njia ile nawajua wote, mwanangu. Mmoja alikuwa kilema wa mguu. Mmoja tulimhamisha kwa ulevi. Sasa babu yako alikuwa yupi?"

Fundi alitazama glavu zake. Alimwona mkewe akimtazama, binti akimtazama, na Mzee Bendera, bila ubaya wowote, akimtazama. Kila mtu alingoja jina.

Ndipo kikohozi kikasikika kutoka mezani. Kifupi, mara mbili, halafu kimya. Mfagiaji alikuwa ametoka kwenye behewa la daraja la tatu na kusimama kwenye kikanyagio, mahali pa wazi kabisa, ambapo hakuwa amewahi kusimama mbele ya mgeni.

Mzee Bendera aligeuka. "Ala," alisema. "Fagio. Kumbe upo?"

"Nipo, mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi na wewe nani mkubwa, hebu acha." Alivuta kiti karibu, akasahau makarani wote. "Huyu," aliwaambia wenye nyumba, "alikuwa mfagiaji wangu. Treni ilikuwa haiondoki mpaka yeye aseme ni safi. Na alikuwa na mwana mmoja, jamani, alitujaza masikio. Mwanangu kapita mtihani, mwanangu anaandika mkono mzuri, mwanangu ana jicho la rangi. Hata chai hakunywa kazini, anaweka akiba ya ada. Hivi Fagio, yule mwanao yuko wapi siku hizi?"

Binti alishusha sinia mpaka usawa wa kiuno. Mzee aliegemea ufagio wake, akamtazama fundi, si kwa muda mrefu, muda wa kutazama saa ya stesheni tu, kisha akarudisha macho kwa Mzee Bendera.

"Alifika mbali, mkubwa."

"Mbali wapi?"

"Mbali. Kutoka hapa haonekani."

"Anakuja kukuona?"

"Shughuli zinambana. Lakini ni kijana mzuri."

Mzee Bendera alitikisa kichwa. Akamgeukia fundi, mtu mzima kwa mtu mzima. "Umesikia? Unajinyima, unasomesha, halafu shughuli zinambana. Watoto wa siku hizi, fundi."

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana, ya kutosha mtu kupita na sanduku lake. Fundi aliiona ikifunguka mbele yake, akaona baba yake amesimama upande wa pili ameshika ufagio, na akaona pindo la gauni la harusi likining'inia kwenye shati la kaki.

"Ndiyo," alisema. "Watoto wa siku hizi."

Binti aliondoka na sinia, akaenda jikoni, na huko hakuna kikombe kilichosikika kikiwekwa mahali popote. Fundi alivaa glavu. Alikifunga kichwa cha treni kwenye sanduku lake, akafunga daraja la kwanza na la pili, na behewa la gadi. Behewa la tatu alilinyanyua kwa mikono miwili, polepole, ili aliyemo asiyumbe. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, miguu pamoja, ufagio magotini, kama abiria aliyelipa. Fundi alilishusha kwenye sponji.

"Safari njema," alisema.

"Asante, bwana," mzee akajibu, na akanyoosha mkono kushika mlango pale penye gumba, pamoja na kwamba behewa lilikuwa limeshatulia.

Jioni ile mkewe alifua glavu. Aliziosha kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kizibo cha chupa alikiosha pia, akakikausha, akakiweka kabatini kwenye vikombe vya wageni.

"Wakwe wanauliza jina kamili la babu," alisema akiwa amempa mgongo. "Wanataka liwekwe kwenye kadi, pamoja na cheo."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha alikuwa amesimama pale akikausha mikono.

"Cheo wanakijua," fundi alisema.

"Wanakijua," mkewe alikubali, akazima taa ya jikoni.

Kadi zilichapishwa hivyo. Harusini mshereheshaji alimtaja bibi harusi kuwa mjukuu wa karani mkuu wa reli, watu wakapiga makofi, na fundi akasimama, akainama kushukuru kwa niaba ya marehemu. Binti hakupiga makofi, lakini mikono yake ilikuwa imeshika maua, na hakuna aliyeligundua. Ukilitazama gauni vizuri, pindo lilikuwa na upungufu wa kipande kidogo upande wa kushoto.

Mzee Bendera alirudi baadaye na treni nyingine ya shaba, ya mizigo safari hii. Alisimama mlango wa barabarani, kama zamani, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha ndani. Alisema ile ya kwanza inakwenda vizuri, ametandika reli kuzunguka sebule nzima, na nyumba yake haijawahi kuwa safi namna hii.

"Nimemwekea na watu jukwaani," alisema. "Wa plastiki, wanauzwa kwa pakiti. Mmoja ni kijana wa sare ya shule, ana sanduku. Sasa treni ikisimama tu, Fagio anashuka mbio, anampokea sanduku, anajitwika, anampelekea mpaka nje ya stesheni. Halafu anarudi behewani. Treni ikizunguka, sanduku liko pale pale miguuni kwa kijana, na yeye anashuka tena mbio. Kutwa nzima."

"Kijana anasemaje?" fundi aliuliza.

"Aseme nini? Si nimekwambia ni wa plastiki." Mzee Bendera alimtazama. "Njoo Jumapili umwone. Mimi huwa natoka, utakuwa naye peke yako."

"Nitakuja."

"Hata nilipokupigia simu ulisema hivyo."

"Shughuli zimenibana," fundi alisema, na alipoyasikia maneno yenyewe aliinamisha kichwa.

Mzee Bendera aliinua mkono wa kulia, akatazama barabara kushoto na kulia. Fundi alisimama kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe akingoja kuruhusiwa kuingia. Mkono ulishuka. Akaingia, akafuta vumbi mezani, likarudi, akalifuta tena, kisha akavaa glavu zake na kulifungua sanduku la kwanza.